Kaskazini mwa Australia: miji ya kulala, na ile ya kujaza tenki tu

Wengi wakipanga safari ya kaskazini mwa Australia wanafungua ramani, wanaona majina ya miji yamepangana kwenye barabara moja ndefu, basi wanagawa usiku mmoja mmoja kila mji mpaka likizo iishe. Jamani msifanye hivyo. Kule kitu kinachoandikwa kwenye ramani kama mji kinaweza kuwa pampu za petroli, baa na vyumba vichache kwa nyuma, na kinachofuata kiko kilomita mia na kitu mbele. Chagua miji michache, kaa siku mbili tatu kila mmoja, mingine pita, jaza tenki, kunywa kitu baridi uendelee na safari.

Kwanza majira maana yakikukataa hata hoteli nzuri haisaidii. Kiangazi ni kama Mei hadi Oktoba, masika ni Novemba hadi Aprili, na kwenye masika mito inafurika barabara zinafungwa. Kwenye mbuga ya Kakadu wenyeji wa asili wanahesabu misimu sita na wana sababu, kwa mfano ule wakati wa mwisho wa kiangazi joto linapanda, mawingu yanajaa, unyevu unakuganda mwilini halafu mvua yenyewe haishuki, ni mateso matupu. Juni na Julai ndio kuzuri, ila ndio kila mtu yuko barabarani na karavani yake kwa hiyo buku mapema.

Darwin ndipo wengi wanaanzia. Usitegemee mji wa kale, Wajapani waliupiga mabomu Februari 1942, halafu Krismasi ya 1974 kimbunga Tracy kikaja kikabomoa sehemu kubwa ya nyumba, kwa hiyo mji unaouona leo sehemu kubwa ni wa baada ya hapo. Mimi naupenda kwa chakula. Soko la ufukwe wa Mindil linafunguliwa Alhamisi na Jumapili jioni wakati wa kiangazi, na vile Asia iko jirani utakuta supu ya tambi iitwayo laksa, mishikaki ya mchuzi wa karanga, juisi za maembe, watu wanabeba mikeka na viti vyao wanakaa mchangani kula huku jua linazama. Panga usiku wako wa Darwin uangukie siku hizo. Bahari ni ya kutazama tu lakini, kuna mamba wa maji chumvi na kuna viwavi vya baharini vyenye sumu kali, ukitaka kuogelea nenda zile bwawa za Waterfront mjini au endesha gari mpaka maporomoko ya Litchfield, na hata huko soma bango kabla hujavua shati.

Kwa ajili ya Kakadu lala Jabiru, usijaribu kwenda na kurudi Darwin siku moja, mbuga ina karibu kilomita za mraba 20,000. Jabiru ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa urani wa Ranger, uzalishaji ukakoma Januari 2021 na mwaka huohuo ardhi ya mji ikarudishwa kwa Wamirarr wenye ardhi yao. Kuna hoteli pale imejengwa kwa umbo la mamba, ila ili umwone huyo mamba mzima lazima uwe angani! Jioni nenda Ubirr, angalia michoro ya miambani kisha panda juu ya jiwe utazame uwanda wa maji.

Sasa Katherine, na hapa najua nitabishiwa maana watu wanauona ni mji wa kupita, njia panda yenye supamaketi na malori. Mimi ndio ningekaa siku nyingi kuliko popote. Uko kama kilomita 320 kusini mwa Darwin, una maduka ya kweli, na nusu saa tu unafika Nitmiluk, ambako Mto Katherine umechonga korongo baada ya korongo ndani ya mwamba. Boti haiwezi kupita yote, mwisho wa korongo la kwanza unashuka, unatembea juu ya mawe, unapanda boti nyingine upande wa pili. Ardhi ilirudishwa kwa Wajawoyn, wenyeji wa asili wa hapo, mwaka 1989. Halafu ukirudi mjini umechoka kuna chemchemi za maji vuguvugu kandokando ya mto, bure.

Mataranka ni kama saa moja mbele. Kuna bwawa la chemchemi pale, maji yako kama nyuzi 34, ila msimu mwingine popo wanajaa kwenye minazi-pori juu yako na harufu yao, aah. Ndio maana mimi nachagua Bitter Springs hapohapo karibu, maji ni kama kioo cha buluu, unajilaza mgongoni mkondo unakusukuma polepole, unatoka mbele unarudi kwa miguu unaanza tena. Daly Waters simama upige picha kwenye ile baa yenye sidiria zinaning'inia kila mahali, yatosha.

Ukielekea magharibi, Kununurra iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Katherine. Mpakani mwa jimbo la Western Australia wanakagua gari, matunda, mboga na asali havivuki, kwa hiyo kula kabla, na saa inarudi nyuma kwa saa moja na nusu. Lala hapo angalau usiku mbili, moja kwa Ziwa Argyle, nyingine upande ndege ndogo uone Bungle Bungle, vilima vya mistari vilivyosimama kama mizinga ya nyuki. Na njiani utaanza kuona mibuyu, mibuyu kabisa, ndugu wa hii yetu, tumbo limevimba kama chupa.

Broome ndio mwisho mzuri, mchanga mweupe na bahari ya buluu, ngamia jioni Cable Beach, sinema ya wazi ya tangu 1916, na makaburi ya Wajapani waliokuja kuzamia lulu. Shida ni kilomita elfu moja na kitu za kutoka Kununurra, na usiendeshe usiku, ng'ombe na kangaruu wanalala barabarani na yale malori yanayovuta trela tatu nne hayafungi breki kwa ajili yako. Kukodi gari Darwin ukaliache Broome wanakutoza hela ndefu, kwa hiyo kama siku ni chache rudisha gari Darwin upande ndege.