Taa ya gesi ya kinyesi na jiwe la Tabaka

Usiku wa tatu bila stima, mke wangu alisimama mlangoni na tochi mkononi. "Mwalimu," akasema, "wamebaki hamsini na wawili." Alikuwa ametoka kuhesabu vifaranga. Tuliwapokea sitini, wa siku moja, na transfoma ya mtaa ikaungua kabla hawajamaliza wiki. Tulijaribu jiko la makaa lililofunikwa kwa debe lenye matundu. Ukisinzia kidogo makaa yamekuwa majivu, na vifaranga wanarundikana pembeni wakikanyagana. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na hajali kama wewe umechoka.

Huku nyuma ya zizi gesi tunayo. Ni mtambo wa bayogesi wa mita za ujazo 8, kuba la matofali lililofukiwa ardhini, linalolishwa kinyesi cha ng'ombe watatu wa gredi. Tunapikia chai na ugali, na bado gesi inabaki. Taa ya gesi hutoa mwanga kidogo na joto jingi. Kwa mtu anayetaka kusoma gazeti hiyo ni hasara, ila kwa kifaranga ndicho hasa anachokitafuta. Nikasema kesho nanunua taa. Sikujua nimejitafutia kazi ya miezi saba.

Taa niliyoipata Kisii mjini ilikuwa ya gesi ya mtungi. Muuzaji aliniapia kwamba gesi ni gesi. Mimi niliyefundisha fizikia hadi nikastaafu nilipaswa kumkatalia palepale, lakini nilikuwa na haraka. Propani ya mtungini, ujazo kwa ujazo, ina nguvu takriban mara 4 ya bayogesi. Yetu ni methani kama asilimia 60, na karibu yote iliyobaki ni kaboni dioksaidi, ambayo haiwaki na tena inaupoza moto. Kisha kuna hewa: propani hutaka hewa mara 24 ya ujazo wake ili iungue sawasawa, bayogesi haifiki hata mara 6. Kwa hiyo tundu la gesi katika taa ile lilikuwa dogo mno, na matundu ya hewa makubwa mno. Nilipoifunga kwenye bomba letu ilitoa kimwali cha samawati kama punje ya mahindi, kikajizima.

Waliokulia kwenye karabai wanaijua taa ya aina hii. Gesi hutoka kwa kasi kwenye jeti, kipande cha shaba chenye tundu jembamba. Inapoingia kwenye bomba fupi huvuta hewa pamoja nayo, mchanganyiko ukashuka hadi kwenye kichwa chenye matundu, na hapo ndipo unapowaka ndani ya soksi, kile kifuko cha nyuzi kinachong'aa. Jeti, bomba, kichwa, soksi: nilikuja kuvibadilisha vyote isipokuwa soksi.

Lakini kwanza nilifanya kosa la mtu anayesoma sana. Nilijua kwamba kabla ya soksi kubuniwa, Waingereza waliangaza nyumba na barabara kwa gesi ya makaa ya mawe bila kifuko chochote. William Murdoch aliangaza nyumba yake huko Redruth mwaka 1792. Baadaye wakawa na kichomeo walichokiita mkia wa samaki: matundu mawili yanayotazamana kwa mshazari, mikondo miwili ya gesi inagongana na moto unatandazika kama upepeo. Nikaona hii ndiyo rahisi, haina kitu cha kuvunjika. Nikatoboa kifuniko cha shaba, nikawasha. Umbo lilitoka zuri kabisa, mkia wa sato mzima. Mwanga haukutosha kuona vidole vyangu.

Nilikaa gizani pale nikijicheka. Gesi ya makaa ya mawe ilikuwa na michanganyiko mizito ya kaboni, ambayo ndani ya moto hugeuka chembe za masizi, na chembe hizo zikipata moto hung'aa njano. Wale watu wa zamani walikuwa wakiangaziwa na masizi. Bayogesi haina kitu hicho. Moto wake ni safi, na kwa sababu hiyohiyo hauangazi.

Basi soksi ni lazima. Aliyeibuni ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwanafunzi wa Bunsen yuleyule wa kichomeo cha maabara. Alianza mwaka 1885, na mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliofanya kazi: pamba iliyoloweshwa chumvi za thoriamu na seriamu, kiasi kwamba pamba ikiungua hubaki kiunzi cha oksaidi, asilimia 99 ya thoriamu na 1 ya seriamu. Thoriamu ina mionzi, ndiyo maana soksi nyingi za siku hizi hutumia itriamu. Hata hivyo soksi ikivunjika siipulizi kwa mdomo. Naikusanya kwa karatasi yenye unyevu.

Sasa jeti. Nilichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaupinda kama herufi U ubaoni, nikatia maji yenye rangi ya chai, ncha moja nikaiunga kwenye bomba. Tofauti ya kimo cha maji ndiyo kanieneo ya gesi, yaani nguvu inayoisukuma. Kuba likijaa maji yanapanda hadi kutaka kuruka nje, kwa hiyo nikaweka koki na kuipunguza hadi sentimita 10. Kwa kanieneo hiyo, hesabu ilinionyesha kwamba tundu la milimita 1 litapitisha takriban lita 90 za gesi kwa saa. Lita hizo 90 zina joto la zaidi ya wati 500. Kwa boksi la vifaranga, safi.

Fundi wa jua kali aliyenitobolea alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, milimita moja ni ya sindano. Tupige moja na nusu iwake kama jua." Tukapiga moja na nusu. Moto ulitoka nje ya soksi ukaning'inia chini yake kama ulimi, soksi yenyewe ikawa nyekundu ya kutu. Gesi ilikuwa imezidi hewa ambayo bomba linaweza kuvuta. Tukarudi kwenye milimita moja, na fundi akaninunulia soda.

Hapa niseme jambo lililonisaidia kuliko vifaa vyote. Macho hayapimi mwanga. Kila nilipobadilisha kitu niliona taa "imeongezeka", kwa sababu nilitaka iongezeke. Bunsen aliacha njia ya kuondoa ubishi huo: karatasi nyeupe yenye doa la mafuta. Ukiiweka kati ya taa mbili, doa linaonekana jeusi au jeupe kutegemea upande wenye mwanga zaidi, na pande mbili zikilingana doa linapotea. Nilichovya kidole kwenye mafuta ya kupikia, nikapata kipimo changu. Mshumaa niliuweka sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, taa nikaisogeza mbele na nyuma hadi doa lipotee. Umbali wa taa ukigawanywa kwa 30, jibu ukilizidisha kwa lenyewe, unapata taa ni sawa na mishumaa mingapi. London nao waliihukumu gesi kwa mishumaa hivyohivyo. Jeti ya milimita 1 kwenye kichwa cha chuma kilichokuja na taa: sentimita 90, mishumaa 9. Aibu tupu.

Kichwa kile kilikuwa na matundu 12 ya milimita 3. Kikiwa baridi, moto ulikuwa ukiruka, unainuka kutoka kwenye matundu kisha unazimika, maana moto wa bayogesi hutembea polepole na mkondo wa gesi ukiwa na kasi kuuzidi unaubeba. Kikipata moto kinafanya kinyume: moto unarudi ndani ya bomba kwa kishindo. Pu! Vifaranga wote kwenye kona.

Magonjwa mawili yanayopingana, na nilihangaika nayo wiki tatu nikitibu moja na kuamsha jingine. Dawa ilikuwa kuongeza eneo la matundu yote kwa jumla ili mkondo upunguze kasi, na wakati huohuo kulifanya kila tundu liwe dogo. Moto wa methani hauwezi kupenya tundu jembamba. Kuta zinaunyang'anya joto ukafa. Humphry Davy alitumia siri hiyo mwaka 1815 kwenye taa ya wachimba migodi, akiufungia moto ndani ya wavu wa waya. Nikachora matundu 37 ya milimita 2, yamepangwa kama sega la nyuki: moja katikati, 6, 12, kisha 18.

Fundi wangu alitoboa chuma, akavunja biti tatu, akanirudishia pesa. Ndipo nikamkumbuka William Sugg. Huyu alikuwa mtengeneza vichomeo wa London katika karne ya 19, na alichokifanyia biashara ni kuacha chuma na kutumia steatiti, jiwe la sabuni. Chuma kiliunyonya moto joto lake, kikapata kutu, na tundu likipata kutu si tundu lilelile tena. Jiwe halishiki kutu, halikimbizi joto, na kutobolewa linatobolewa kwa urahisi.

Mimi ninaishi mwendo wa matatu moja kutoka Tabaka, kwa wachonga jiwe la sabuni! Nyumbani kwangu kuna viboko wanne na bakuli la matunda vya jiwe la sabuni, na nilikuwa nikihangaika na chuma.

Mzee aliyenichongea aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu. "Miaka yote nachonga twiga," akasema, "leo mwalimu ananiletea chujio la chai." Lakini alijua jiwe lake. Alichagua pande lisilo na mishipa ya rangi, akisema mshipa ndipo jiwe huachia. Akalilowesha majini, kama wanavyofanya wote kule ili liwe laini na lisitoe vumbi, akalichonga duara, kisha tukatoboa kwa drili ya mkono pale barazani. Saa moja na nusu, matundu 37, biti moja.

Maji yale yaliniadhibu. Niliwasha taa siku hiyohiyo na kichwa kikapasuka kwa sauti kama bisi. Cha pili nilikikausha juani siku mbili, kikapasuka pia. Cha tatu nilikiweka kwenye majivu ya jiko yenye uvuguvugu, nikaongeza makaa kidogo kidogo kutoka asubuhi hadi jioni, nikakiacha kipoe humohumo usiku kucha. Kilitoka na rangi ya biskuti na ukikigonga kinalia. Hicho hakijapasuka hadi leo.

Sentimita 150. Mishumaa 25. Moto hauruki tena, haurudi tena.

Ningeishia hapo, ila niligundua kwamba taa inawaka vizuri dakika kumi za kwanza kisha inafifia. Nililaumu gesi, nikailaumu jeti. Kumbe kosa lilikuwa la mahali: soksi inaning'inia chini, na moshi wake wa moto unapanda ukifuata bomba hadi kwenye matundu ya hewa. Taa ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe. Nilikata bati la mviringo, upana wa sahani ya chai, nikalivalisha kwenye bomba chini tu ya matundu ya hewa, likaupeleka moshi pembeni. Bati la shilingi ishirini. Sentimita 190, yaani mishumaa 40, kwa gesi ileile. Nilipima mara tatu, mara ya tatu nikamwita mke wangu asome yeye.

Mengine ni ya kawaida kwa kila mwenye bayogesi. Maji hukusanyika bombani, kwa hiyo pale linapokuwa chini kuliko kwingine weka koki ya kuyamwaga, la sivyo taa itapepesa. Ile harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa, na inaila shaba. Mimi huipitisha gesi kwenye chupa iliyojaa steeliwulu iliyoachwa ishike kutu. Mitambo ya gesi ya zamani ilijisafishia kwa kutu vilevile. Na chumba kiwe na tundu la hewa juu na jingine chini. Moto wowote unakula hewa, na kifaranga hajui kulalamika. Ukinusa gesi kabla ya kuwasha, usiwashe, fungua madirisha.

Stima ilirudi mapema, kabla hata ya kichwa cha kwanza cha jiwe kupasuka. Jirani akaniuliza kwa nini naendelea. Kwa mwanga peke yake hana makosa, balbu ndogo ya sola inaishinda taa yangu bila jasho. Lakini kundi la pili la vifaranga walikuwa sitini, na wiki mbili zilipoisha walikuwa hamsini na tisa, na bili ya stima sikuiona ikipanda.

Kanieneo ndiyo bado inanisumbua. Kuba linavyopungua gesi usiku, maji kwenye mpira wa U yanashuka, na mtu lazima aamke kufungua koki kidogo. Mke wangu amechora mstari mwekundu ubaoni kwa rangi ya kucha. Saa nane za usiku namsikia akitoka, koki inalia kidogo, kisha anarudi kulala.

Mzee wa Tabaka naye amenitumia kichwa cha nne bila kuombwa. Matundu ni 37 kamili, na pembeni amezungusha msafara wa tembo wadogo.

Sijakiwasha. Kiko kabatini pamoja na viboko.