Nilivyoziepuka rangi katika vidonge vya levothairoksini

Hapa Marekani vidonge vya levothairoksini, dawa ya homoni kwa wenye tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vya kutosha, hutiwa rangi kulingana na nguvu yake: mikrogramu 25 ni chungwa, 75 zambarau, 100 njano, 150 bluu. Rangi hiyo haitibu chochote, ni alama tu ili vidonge visichanganywe. Mikrogramu 50 ndiyo nyeupe, na kwa kawaida haitiwi rangi.

Mimi rangi za njano huniwasha, na dozi yangu ni 100. Nilimwomba daktari aandike vidonge viwili vya 50, vimezwe pamoja. Lazima iwe kwenye cheti cha dawa. Ukimweleza mfamasia kwa mdomo tu, atakupa kimoja cha 100 kwa sababu ndicho kilichoandikwa.

Dozi nyingine hupatikana kwa kukata, daktari akikubali: 75 ni kimoja na nusu, 125 viwili na nusu. Tumia kikatio cha vidonge, si kisu cha jikoni. Robo ya kidonge ikimeguka, mikrogramu 12.5 zimekwenda, na kwa dawa hii si kidogo. Dozi za 88, 112 na 137 haziangukii kwenye nusu, hapo daktari ndiye wa kuamua.

Weupe peke yake hauniridhishi. Kila nikichukua chupa mpya nauliza mtengenezaji na namba ya NDC, yaani namba ya utambulisho wa dawa Marekani, kisha naitafuta kwenye DailyMed, tovuti ya serikali yenye maelezo ya dawa, sehemu ya viambato visivyo tiba. Macho yangu hutafuta herufi FD&C na D&C, ambazo Marekani hutangulia majina ya rangi za kutengenezwa. Njano Na. 5 ndiyo tatrazini, E102 kwa lebo za Ulaya, nayo huwasumbua zaidi wasiopatana na aspirini. Njano Na. 6 ni E110, Nyekundu Na. 40 ni E129. Ukiona neno la Kiingereza "lake" baada ya jina usidanganyike: ni rangi ileile iliyoshikizwa kwenye aluminiamu ili isiyeyuke majini. Oksidi za chuma, E172, ni jamii nyingine kabisa.

Panapoharibika mara nyingi ni dukani: mtengenezaji hubadilishwa bila mgonjwa kuambiwa, na viambato hubadilika naye. Mimi hukagua kabla ya kuondoka kaunta. Ikibidi kuhama kampuni, pima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, baada ya wiki 6 hadi 8.

Na kuosha kidonge ili rangi itoke? Rangi imo ndani ya unga wote. Utakachoosha ni dawa.