Siku moja garajeni Panzi: 4x4 imekataa kukamata

Saa moja asubuhi. Mvua ya usiku imeacha potopoto mpaka mlangoni, huku Bukavu kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano ndo maisha, na kabla hata sijavaa salopeti shoferi mmoja ameshaegesha L200 ya zamani ya dizeli, matope mpaka kwenye vioo. Anapigaka njia ya Mwenga na Kamituga, ile RN2 mnaijua wenyewe, ukipita Burhale bila 4x4 unalala njiani. Na alilala kweli. "Yaya fundi, levye ya 4x4 inaingia vizuri kabisa ila mbele haivuti, inazunguka nyuma tu." Halafu akaongeza kuna mekano kule amemwambia bwati ya transferi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa, atafute ya okazyo, iliyokwisha tumika, dola mia kadhaa. Sikujibu kitu, nikapanda ndani niangalie tablo.

Saa mbili. Hizi L200 ziko na kapicha ka gari kwenye tablo, na vitaa vya kijani kwenye magurudumu. Ukiwa 2H, yaani nyuma tu inavuta, vinawaka viwili vya nyuma, ukiweka 4H, yote manne, vya mbele vinamemeteka kidogo halafu vinatulia. Hapa vya mbele vinamemeteka tu, havitulii. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia bwati, na hicho kitu kinanikasirishaka sana, ju bwati ni chuma kizito, ukiishusha mteja anaona jasho anajua umefanya kazi. Mé vile vitaa vya mbele vikikataa kutulia, mara nyingi shida iko kwenye ekseli ya mbele.

Saa tatu. Fizibu (fyuzi) nzima, mataire manne saizi moja, hayo tumeyapita. Tukapiga kriki mbele, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, levye kwenye 4H, moteri imezimwa, nikaingia chini nikashika karda ya mbele, ile shafti inayotoka bwati kwenda ekseli, kwa mikono miwili. Haizunguki hata kidogo, imeshikwa. Peti, kijana ninayemfundisha kazi, akarudisha 2H, ikazunguka laini. Maana yake bwati inaunganisha na kuachia kama kawaida, dola mia kadhaa zimeokoka hapo hapo. Tukarudi 4H, nikatoka chini, tukawasha moteri kwenye neutre, ju bila moteri hewa ya kusukuma ekseli haivutwi, nikamwambia peti azungushe gurudumu la kulia. La kushoto lilipaswa kuzunguka kinyume, ndo kazi ya diferansyeli, lakini likabaki kimya kama mtu anayedaiwa.

Sasa nieleze kidogo, ju shoferi naye aliuliza. Kwenye ekseli ya mbele ya gari hii shafti ya upande mmoja imekatwa vipande viwili, kuna pete yenye meno inateleza kuviunganisha, sisi tunaita krabo. Kinachoisukuma ni hewa: pompi iliyoshikana na alternateri inanyonya, elektrovani mbili, vali za umeme, zinachagua njia, tiyo mbili za mpira zinashuka mpaka kwenye kopo dogo lenye ngozi ya mpira ndani, ngozi ikivutwa inavuta uma, uma unasukuma pete. Pompi hiyo hiyo ndo inasaidia breki. Pedali ya breki ilikuwa laini, donki pompi sikuishuku sana.

Saa tano akaingia mwenye Noah, plaketi za breki, akaenda.

Saa sita. Moteri inawaka, 4H, nikachomoa tiyo kwenye kopo nikaweka kidole. Hakuna kitu. Nikapanda juu karibu na pompi, kidole kikavutwa mpaka kikaacha alama. Elektrovani zote mbili zinapiga tik ukisogeza levye. Basi hewa inapotelea njiani. Kopo lenyewe nililipima na sirinji kubwa ya famasi, hiyo inakaaka kwenye kisanduku cha makle sababu ni chombo cha bei rahisi kuliko vyote nilivyo navyo: unaunganisha, unavuta, unashikilia, kijiti cha kopo kikabaki pale pale bila kurudi, ngozi haijatoboka. Tukafuata tiyo kwa vidole, sentimita kwa sentimita. Pale zinapopinda karibu na joto la moteri mpira umekauka, kwa juu unaonekana mzima, ukikunja unafunguka mstari mwembamba kama wembe umepita. Zote mbili.

Saa nane bugali na sambaza, halafu peti akashuka Kadutu kutafuta tiyo. Akarudi na ile nyembamba ya mazutu (dizeli), nikamrudisha. Hiyo ikipata joto inanyonywa inajifunga yenyewe, kesho gari inarudi na shoferi anakutukana. Inatakiwa ya ngozi nene. Kabla ya kuchomoa za zamani tukapaka moja verni nyekundu ya kucha, maana ukizibadilishana gari itakamata ukiwa 2H na itaachia ukiwa 4H, na hapo hata mwenyewe utaanza kuamini bwati ndo mbovu.

Saa kumi tukatoka na shoferi kwenye kilima cha matope. 4H, vitaa vikamemeteka, akaanza kulalamika "yaya, ni vile vile", nikamwambia tembeza mita chache, meno lazima yakutane. Gari ikasogea, vikatulia. Mbele ikachimba, tukapanda. Nikamkumbusha arudishe 2H kwenye lami, ju gari hii ikiwa 4H mbele na nyuma zimefungana, kwenye kona ya lami kavu kitu lazima kiteseke.

Saa kumi na moja ndo kazi ngumu yenyewe: bei. "Fundi, mipira miwili tu na unanihesabia siku nzima?" Nikamuuliza ile bwati ya okazyo angelipa lini. Akacheka, akatoa nusu, nusu nyingine akitoka Mwenga. Nimeiandika kwenye daftari, na namba ya pleki pembeni.