Dereva wa basi la Longbridge: siku yangu moja, Aprili 15, 2005

Nikisema niliwahi kuendesha basi Birmingham, Uingereza, watu huniuliza habari za theluji. Longbridge, kitongoji cha kusini mwa mji huo chenye kiwanda cha magari, hawaiulizi. Basi leo nawasimulia Ijumaa moja tu. Naikumbuka kwa saa, maana dereva anaishi kwa ratiba.

Saa kumi alfajiri

Nafika depo, nasaini, nachukua karatasi ya zamu. Nazunguka basi nikikagua taa, matairi na milango. Kwenye chumba cha madereva kuna gazeti la jana lenye alama ya kikombe cha chai, na ukurasa wa mbele ni kiwanda tena. Wiki nzima ni kiwanda tu.

Kwa asiyejua: MG Rover, kampuni ya magari yenye kiwanda hicho, ilisimamisha mitambo Alhamisi, Aprili 7. Kesho yake ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Jioni hiyohiyo Waziri Mkuu Tony Blair na waziri wake wa fedha, Gordon Brown, wakatua Birmingham, na uchaguzi ulikuwa Mei 5, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Jumapili serikali ikakopesha pauni milioni 6.5 za kulipa mishahara ya wiki moja, huku ikingojewa kama kampuni ya magari ya SAIC ya Shanghai, China, itarudi mezani kujadili ubia. Wiki yenyewe ilikuwa inaisha leo.

Saa kumi na moja

Safari ya kwanza, Barabara ya Bristol kuelekea kusini. Siku za kawaida basi hili hujaa wanaume wenye vifurushi vya mikate, nusu yao wamelala na vichwa vimeegemea kioo. Nilikuwa nikijua nani anashuka wapi bila kengele kupigwa. Leo nimepakia watu saba. Wawili ni wa kiwandani. Kazi hakuna, lakini mmoja ananiambia nyumbani hapakaliki, mkewe anamtazama sana.

Wazee wa huko hawasemi Longbridge wala Rover. Wanasema "Austin", kwa sababu Herbert Austin ndiye aliyekianzisha kiwanda mwaka 1905. Mwaka wa mia moja, ndio huu wa kufunga.

Mimi ni mtu wa Thika. Mjomba wangu alikaza bolti za Land Rover pale Leyland Kenya, magari yakija vipandevipande kwenye makreti kutoka Uingereza. Mbao za makreti zilikuwa mali. Rafu ya vikombe jikoni kwa nyanya yangu ilikuwa ubao mmoja wenye herufi nyeusi za kupulizwa rangi, BIRM, halafu msumeno ulipita hapo. Nilijifunza kuzisoma herufi hizo kabla sijaanza shule. Sikuwaza kwamba siku moja ningekuwa nikiwapeleka kazini wenye mji wao.

Saa mbili asubuhi

Sasa ni wanafunzi wa chuo kikuu, na wastaafu wenye vikapu vya magurudumu. Hapa ndipo maneno yanapoanza. Tukifika Selly Oak, mwanamke mmoja anasema kwa sauti ya kusikika ghorofa ya juu kwamba magari yenyewe hakuna aliyeyataka, sasa wanalia nini. Mzee aliyekaa nyuma yangu anamuuliza yeye anaendesha gari gani. Toyota. "Basi nyamaza, bab," mzee anamjibu. Huko kila mtu ni "bab", hata unayetaka kumzaba kofi.

Mwingine anawalaumu Wajerumani: BMW, waliokuwa wamiliki wa Rover, ilipojitoa mwaka 2000 iliondoka na Mini, ikaipeleka Oxford, ikawaachia Longbridge yaliyobaki. Kijana mmoja hataki kusikia habari za BMW. Yeye anatengeneza vipuri kwenye karakana ndogo inayouzia kiwanda, na bosi wao amekwisha kuwaambia wasije Jumatatu. "Kwenye televisheni wanahesabu elfu sita," anasema. "Mimi simo."

Nilitaka kumjibu. Taa ikawa kijani.

Saa saba mchana

Mapumziko. Habari imekwisha kutoka: Shanghai wamekataa. Watu wapatao 5,000 hawana kazi kuanzia leo, na kama 1,000 wanabaki kwanza kumalizia magari yaliyokwama nusu kwenye mstari. Chumbani hakuna anayecheza karata. Dereva mwenzangu, Mpunjabi ambaye shemeji zake wawili wako huko, anakunja na kukunjua tikiti mpaka inachanika.

Kisha mtu anataja pauni kumi, na chumba kizima kinalipuka. Maana wale wakurugenzi wanne wa Phoenix waliinunua kampuni kutoka kwa BMW kwa pauni 10. Mwaka 2000 walipokelewa kama mashujaa. Leo naambiwa majina yao kwa matusi ambayo Kiswahili hakina. (Ripoti ya serikali ya mwaka 2009 ilikuja kusema wanne hao na mkurugenzi mtendaji walipata kama pauni milioni 42 za malipo na pensheni. Siku hiyo hatukuwa na hesabu hiyo, na nadhani ilikuwa heri.)

Saa tisa alasiri

Karibu na geti Q, mahali walipokuwa wakikusanyika, anapanda mwanaume wa miaka hamsini hivi. Ana kisanduku cha spana cha bati, mpini wa kisanduku umezungushiwa utepe mweusi juu ya utepe mweusi. Mfuko wa plastiki una buti na kikombe. Anatia sarafu mbili za pauni. Mabasi yetu hayarudishi chenji, sarafu zikiangukia kwenye kisanduku cha kioo zimekwenda. Namwambia amezidisha. Anasema acha tu.

Hakukaa. Alisimama karibu nami mpaka Northfield, kisanduku katikati ya miguu, akinieleza kama anayesoma fomu. Miaka ishirini na saba. Kiinua mgongo cha kisheria kinahesabu miaka isiyozidi 20, na mshahara usiozidi pauni 280 kwa wiki. "Hiyo saba," akaniuliza, "nilikuwa wapi?"

Alishuka kituo kimoja kabla ya chake. Nadhani alitaka kutembea.

Saa kumi na moja jioni

Narudisha basi. Msimamizi ananiita pembeni: ile safari ya saa kumi na moja alfajiri "itaangaliwa upya". Nimekaa Uingereza vya kutosha kujua maana yake. Na malipo ya alfajiri ndiyo yanayonilipia kodi ya nyumba.

Saa mbili usiku

Nampigia Mjomba, kule saa nne, kwa kadi ya simu. Habari ameisikia redioni. La kwanza anauliza: sasa spea za Landrova zitatoka wapi? Namweleza Land Rover ni za Solihull, Ford ilikwisha zichukua, huku ni kwingine. Anashusha pumzi. Kisha anauliza hao watu elfu tano kama wana mashamba.

"Hawana, Mjomba."

"Hata kidogo?"

Nikamwambia wana vijibustani nyuma ya nyumba, vya maua.