Vile nilipanga maneno ya depite wetu wa zamani kwenye sheria za komini na za kilimo

Mimi kazi yangu ni kuchapa, niko na sekretaria ndogo Bukavu upande wa Nyawera, watu wanakuja na barua za kuomba kazi, memware za wanafunzi, karatasi za kuuza parseli, nachapa wanalipa wanaenda. Sasa kuna mzee mmoja alikuwa depite nasionali ile lejislatire ya kwanza, ile ya uchaguzi wa 2006, akaniletea karto nzima ya makaratasi anataka nimtolee kitabu kidogo cha yale aliyosema Kinshasa kwenye sheria mbili tu, ile ya entité za chini (ville, komini, sekta na sheferi) ya 2008 na ile ya kilimo ya 2011. Jina lake siandiki, mwenyewe alikataa, alisema kampeni alishamaliza. Naandika juu najua kuna wengine wazazi wao walikuwa ku asemble na makaratasi iko inaliwa na panya kwenye plafo.

Kitu cha kwanza sikuchapa hata neno. Nilimwaga karto yote chini nikaanza kutenga, maana kulikuwa kaye zake za mkono, projet za sheria alizoandikia pembeni na biki, na raporo za komisio ambazo mle maneno yake yamechanganyika na ya wenzake. Na hapo njo shida inaanza: kaye inaonyesha kile alitaka kusema, haionyeshi kile alisema. Kwenye débat général depite anapewa dakika chache tu, prezida wa asemble anamkata, sasa mtu ameandaa kurasa sita anasoma mbili. Bahati nzuri mama yake nyumbani alikuwa anarekodi rediyo kwenye kaseti. Nilienda soko la Kadutu kwa fundi mmoja wa maredio akanitengenezea radio-kaseti ya zamani, nikakaa na ile kitu usiku, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika.

Tuligombana juu ya hiyo. Nikamwambia, "Papa, kitu hakiko ku kaseti na hakiko ku raporo, siwezi kuandika kama ulisema." Akaniangalia. "Mama, weye ulikuwa kule Palais du Peuple, mle asemble inakaa?" "Hapana papa." "Mimi nilikuwa." Sasa unamjibu nini mzee kama huyo? Nikamtolea mpango: kila sura iwe na upande wa "Alisema" na upande wa "Aliandaa". Alinuna siku nzima, kesho yake akakubali, tena yeye mwenyewe akaanza kunionyesha, hii iweke kwa aliandaa, hii ilibaki mfukoni.

Kingine kilichonisumbua sana ni namba za artikle. Kwenye kaye anaandika "artikle 40, napinga," mimi naenda kuangalia artikle 40 ya sheria, inaongea kitu kingine kabisa! Nikatoa ku intaneti, kwenye Leganet, ile sheria ya organiki (ya kupanga vyombo vya leta) namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008, nikaichapa yote, nikalaza kando ya projet, mstari kwa mstari. Hapo nikaelewa. Projet ikitoka plenari inaenda komisio, komisio inaunganisha artikle na kufuta zingine, inarudi kupigiwa kura, inaenda Senat, wakikosana kuna komisio pariteri, ya depite na senatere pamoja, na juu ni organiki ilibidi Cour Suprême iangalie kwanza kama haipingani na Katiba ndipo prezida atie sahihi. Namba itabakije ileile? Nikaacha kupanga kwa namba nikapanga kwa jambo: nani anaweka shefu, pesa zinapita wapi, teritware iko na nguvu gani. Toka siku ile kazi ilienda mbio.

Pale pa pesa kuna ukurasa napenda kuuelezea. Pembeni ya projet ameandika 100, chini yake 40, chini yake 16, na ile 16 ameizungushia biki mpaka karatasi imetoboka kidogo. Niliwaza ni hesabu za soko. Kumbe Katiba ya 2006, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya provense na inabaki kulekule inapokusanywa, na sheria ya 2008 inasema katika hiyo sehemu ya provense 40% inakuwa ya entité za chini. Arobaini ya arobaini, kumi na sita. Kwa kila franka 100, franka 16 zingefika komini ya Kadutu ao Bagira, ao sheferi ya Ngweshe na ya Kabare. Kwenye kaseti unamsikia anauliza nani atazihesabu hizo 16, na ile retenue à la source, yaani provense kubakiza sehemu yake palepale, hadi leo haijatumika, Kinshasa inakusanya yote kisha inarudisha kile inataka wakati inataka, hiyo kila mtu anajua.

Ya teritware alitaka nitoe. Alikuwa ameuliza kwa nini teritware kama Walungu isiwe na utu wake wa kisheria wakati sheferi iliyo ndani yake inao, wakamjibu Katiba ilishakata hilo neno kwenye artikle 3, teritware ni ofisi ya leta tu. "Nilishindwa, toa." Mimi nikasema papa, hilo njo swali watu wanaulizaga kila siku pale kwa administrateur, liache. Likabaki.

Ya kilimo njo nzuri zaidi, na hapo sikukata sana. Sheria yenyewe ni namba 11/022 ya 24 Desemba 2011, na kelele zote Kinshasa zilikuwa juu ya artikle 16, ile inasema konsesio ya kilimo ni ya Mkongomani ao ya kampani ambayo sehemu kubwa ni ya Wakongomani. Wafanyabiashara walilia sana, wakisema wawekezaji watakimbia. Mzee wetu aliiunga mkono ila akaona inapiga pembeni. Yeye alileta mambo ya Bushi, inchi ya Washi upande wa Walungu na Kabare: mtu ametoa ng'ombe kwa shefu, amepata shamba kwa kalinzi, mapatano ya mila, analima yeye na watoto wake, karatasi hana. Mwingine yuko kwa bwasa, analipa msimu, maharagwe anaruhusiwa lakini mugomba (mti wa ndizi) hapana, juu mugomba unakaa miaka. Siku moja anafika mtu wa mjini na sertifika ya kuandikishwa, imetoka ku biro, shamba limekuwa lake. Kwenye kaseti anasema hivi, na nimeliacha vile vile: "Haiko mzungu mwenye kunyang'anya bonde la Walungu, ni mtoto wetu mwenye kuwa na sertifika." Watu wanacheka mle ndani, yeye hacheki.

Sheria ikatoka ikitambua haki za mila za watu wa mahali, hilo ni jema, lakini sheria ya ardhi ya 1973, artikle 389, ilishaahidi ordonansi ya prezida ya kupanga ardhi za mila na ordonansi haikuja, na mzee alikuwa ameiandika kwenye kaye kwa herufi kubwa, ANAYEAHIDI MARA YA PILI ALIPE KWANZA YA KWANZA. Hiyo iko kwa upande wa aliandaa. Ni pole sana haikusemwa.

Yeye aliongeaga Kifaransa zaidi, nikaweka maelezo yote kwa Kiswahili na mistari ya sheria nikaiacha Kifaransa, maana mbele ya shefu ao ku tribinali ni hiyo watakuomba. Kabla ya kuchapa nilisomea mama mmoja anauza sombe mbele ya mlango wangu, pale alipokunja uso narudi naandika upya. Mambo ya komisio pariteri alikunja uso kila mara, nikaifupisha ikawa mistari miwili.

Kopi za kwanza zilienda Walungu na zikaisha palepale, juu ya kalinzi. Sehemu ya komini ilibaki imelala ku biro, watu wa mjini hawakuwa na haja nayo, burugumestre anatumwa kutoka juu na sisi hatumchagui. Mpaka 2023, uchaguzi wa 20 Desemba ulipoleta na washauri wa komini, wakandida wakaanza kupita kwangu mmoja mmoja wanataka fotokopi ya ule ukurasa wa 100, 40, 16 tu, kitabu hapana. Hapo nikapandisha bei.