Kumbukumbu ya mradi wangu: mkate wa kumimina kwa siku ya kuzaliwa ya mama watoto

Mwishoni mwa mwezi huu mama watoto wangu ametimiza miaka 35, nami nilikuwa nimeamua kwamba safari hii hatungenunua keki ya krimu, ambayo yeye hula kijiko kimoja kwa adabu kisha huwaachia wanawe, bali ningempikia mkate wa kumimina kama aliolelewa nao kwao Pangani. Masharti niliyojiwekea ni mawili: mkate uive kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa tanuri hatuna, na watoto wetu wawili, wa miaka saba na minne, wawe na kazi ya kweli, si ya kushikishwa mwiko ili wapigwe picha.

Jumapili ya kwanza nilimpigia simu mama mkwe, nikamwamkia, kisha nikampa siri. Vipimo alivyonitajia ni vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 na nusu cha tui zito, kikombe 1 cha sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira, nusu kijiko cha iliki na ute wa yai 1. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui, iliki na hamira mpaka chenga zisisikike vidoleni, na rojo huachwa liumuke kabla ya kutiwa sukari na ute. "Usiuharakishe, baba," aliniambia, "na moto wake ni wa juu, wa chini ni wa kuushikisha tu."

Maneno hayo ya moto ndiyo yaliyobeba kazi yote iliyofuata. Sufuria iliyotelekwa jikoni hupata joto upande mmoja, kwa hiyo mkate ungeungua chini huku uso wake ukibaki mbichi, na dawa yake ni kupalia makaa juu ya mfuniko. Jaribio la kwanza nililifanya mama watoto akiwa kwenye kikao cha kikoba, nikatumia vifuu vya nazi kwa sababu hushika moto upesi. Vilishika kweli, vikababua uso wa mkate, kisha vikageuka majivu kabla ya katikati kukauka. Jumamosi iliyofuata niliweka mkaa uliokwisha kukolea, mwingi juu na vipande vichache tu chini, nikabadilisha mfuniko kwa sinia lenye ukingo ili majivu yasidondokee ndani. Nilijifunza pia kwamba sufuria yenye mafuta lazima ipate moto kabla ya kumimina, na kwamba wakati wa kupalia ni pale uso unapoanza kutoboka vitundu. Mkate huo wa pili tuliumaliza wote, kwa kuwa ushahidi haukufaa kubaki.

Mkubwa alipewa mbuzi ya kukunia nazi, nikiwa nimekaa ubavuni kwake, na mdogo akachagua mchele na kumenya iliki. Kazi ngumu kwa mdogo ilikuwa kunyamaza: jioni moja alimfuata mama yake na kumhakikishia, bila kuulizwa, kwamba hakuna mtu anayepika kitu chochote.

Siku yenyewe mwenye siku alipigwa marufuku kuingia jikoni, akakaa barazani na chai yake huku harufu ya iliki ikiwa imekwisha kutufichua. Mkate ulitoka na vitundu kila mahali, rangi ya dhahabu juu na ukingo uliokoza kidogo. Tulichomeka mshumaa mmoja, ule ule wa siku za kukatika umeme, tukaimba, kisha tukalishana, yeye akianza na mdogo kwa kuwa ndiye aliyekuwa amefungua kinywa tangu kisu kilipoguswa. Mkubwa alidai mama yake amwagiwe maji kama wafanyavyo mtaani. Aliruhusiwa kikombe kimoja, uani, baada ya kula.

Mama watoto alionja kwa makini kisha akauliza, "Umeongea na mama, sivyo?" Akasema iliki imekaa sawa ila sukari imezidi, hivyo nimeandika robo tatu ya kikombe kwa safari ijayo. Safari hiyo imekwisha kupangwa: mdogo anataka mkate wa kwake wenye umbo la lori, ombi ambalo sufuria yetu ya duara haina namna ya kulitimiza.