Kutia rangi mvi nyumbani kwa pesa kidogo: shughulika na mashina

Mvi huanza kwenye panja, zikasogea juu ya paji la uso, kisha zikatokeza kwenye njia ya kugawia nywele. Kwa watu wengi kisogo hubaki cheusi kwa miaka. Hiyo ni nafuu kubwa ya mfuko, ila wengi hawaitumii: hununua rangi ya kichwa kizima kila mwezi, wakaimwaga juu ya nywele zisizoihitaji, na ncha zinakauka na kukatika. Nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Ukishatia vizuri mara ya kwanza, kazi iliyobaki ni kuifuata hiyo sentimita moja pale panapoonekana tu, kila baada ya wiki 4 hadi 6.

Kabla ya kununua chochote, soma paketi. Kwenye maduka ya hapa Zanzibar, iwe Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, rafu moja utaikuta ina vitu vitatu vilivyo mbali mno kimoja na kingine: hina ya majani, unga mweusi unaoandikwa "hina nyeusi", na rangi za boksi zenye mirija miwili. Hina safi ni unga wa kijani kibichi kilichofifia, harufu yake ni ya majani makavu, na jina la mmea kwenye paketi ni Lawsonia inermis. Rangi inayotoa ni ya chungwa hadi nyekundu ya udongo, basi. Hakuna hina inayotoa weusi peke yake. Paketi ikiahidi weusi kwa nusu saa, ndani yake kuna rangi ya viwandani, na mara nyingi ni ile kemikali ifupishwayo PPD, ndiyo iliyomo pia kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ngozini.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu Unguja na Pemba jambo hili linatuhusu kuliko kwengine. Wanawake wengi wamewahi kuchorwa piko harusini. PPD ikikaa juu ya ngozi bila kuoshwa, tena ikiwa kali, inaweza kuufanya mwili uichukie, na chuki hiyo haifutiki. Kwa hiyo kama uliwahi kuchorwa piko ukawashwa, ngozi ikatumuka malengelenge au mchoro ukaacha kovu lenye umbo la ua lilelile, rangi za unga mweusi na za boksi usizitumie kabisa kichwani, hata ikiwa yamepita miaka 20. Kichwani madhara huwa makubwa zaidi kwa sababu eneo ni pana: kope na uso huvimba, ngozi ya kichwa hutoa maji. Kwako iliyobaki ni hina safi na indigo safi (unga wa majani utoao buluu, nitaueleza chini), na habari njema ni kwamba hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa kila mtu.

Yule ambaye hajawahi kudhurika na piko naye afanye jaribio. Changanya rangi kiasi cha punje ya choroko, paka nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, iache muda ulioandikwa kwenye karatasi, osha, kisha subiri saa 48. Kuwashwa kukianza, itupe. Hata hina jaribu, maana paketi nyingine hutiwa vitu visivyoandikwa. Na unga wowote mweusi wa nywele uweke juu, mbali na watoto: ukimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo, na mtoto aliyeumeza hapewi maziwa akasubiriwa, hukimbizwa hospitali pale pale, iwe Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee, Mkoani.

Sasa hina na indigo. Wengi tunajua kwamba hadithi za Mtume zimetaja hina na katam (mmea mwengine wa kutia rangi nywele) kwa kubadilisha mvi, na kwamba wapo maulamaa wanaokataza weusi mtupu. Uzuri wa hina na indigo ni kwamba unachagua mwenyewe uishie wapi. Hina pekee, mvi zinakuwa za rangi ya chungwa iliyoiva. Hina sehemu 1 na indigo sehemu 1, kahawia. Hina sehemu 1 na indigo sehemu 2, kahawia iliyokolea ambayo kwa mbali watu huiona nyeusi. Ukipaka hina kwanza, ukaosha, kisha indigo peke yake juu yake, unapata weusi. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na kahawia. Kukoleza ni rahisi. Kupunguza indigo iliyokwisha shika ni kazi ngumu, na ukiijaribia dawa ya kung'arisha nywele zinaweza kugeuka kijani.

Indigo ni unga wa majani ya mmea Indigofera tinctoria. Usiichanganye na buluu ya kufulia nguo, ambayo haina kazi nyweleni. Unga wa indigo nao ni wa kijani, na hauvumilii unyevunyevu, kwa hiyo paketi iliyokaa sana dukani kwa hewa yetu hii huwa imekufa. Ipime kabla hujajipaka: kijiko kimoja cha chai juu ya kisahani cheupe, maji ya uvuguvugu kidogo, subiri dakika 15. Uso ukigeuka buluu nzito, ni hai. Ukibaki kijani, mrudishie mwenye duka. Ukiwa huna haja ya paketi nzima, ununue pamoja na dada au jirani, mgawane unga ukiwa bado mkavu, na fungu lako litie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, kabatini gizani.

Vipimo: nywele fupi kichwa kizima, gramu 100 za hina na gramu 100 za indigo. Zikifika mabegani, zidisha mara mbili. Mashina na panja peke yake, gramu 30 za kila kimoja zinatosha, yaani kama vijiko 4 vya chakula. Maji ni takriban mara tatu ya uzito wa unga. Gramu 30 zinataka kama theluthi ya kikombe. Mimina kidogo kidogo mpaka upate uzito wa mtindi. Ukiwa mwepesi utakuchuruzika shingoni, ukiwa mzito kama ugali hautapenya hadi kwenye ngozi, ambako ndiko mvi mpya ziliko.

Hina huloanishwa mapema, ndani ya bakuli la plastiki au la kauri. Tumia maji ya uvuguvugu yenye uchachu mdogo: ukwaju mwepesi uliochujwa, au ndimu moja kwa gramu 100. Ndimu tupu bila maji hukausha nywele vibaya. Funika, iache. Kwa joto la kaskazi saa 4 hadi 6 zinatosha. Wakati wa kipupwe iache ilale. Kujua kama imeiva, weka tone kiganjani dakika 10. Likiacha alama ya chungwa, ipake. Ukiiacha siku nzima juani nguvu yake inakwisha. Wanaopenda harufu hutia karafuu. Punje 5 au 6 kwenye maji ya kuchemsha zinatosha, maana karafuu nyingi huchoma ngozi ya kichwa. Kahawa na majani ya chai hayatii mvi weusi, ni harufu tu. Mafuta ya taa wala petroli usitie kamwe, hata ukiambiwa yanakoleza.

Kitu kinachoharibu kazi kuliko vyote ni mafuta ya nazi. Tumezoea kichwa chenye mafuta, na juu ya mafuta rangi inateleza, haishiki. Osha kwa shampuu mara mbili, usitie mafuta wala krimu, kausha kwa taulo zibaki na umajimaji. Cha pili ni maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, sabuni haitoi povu, na huacha utando wa chokaa juu ya unywele. Kabla ya kukausha, suuza kwa lita 1 ya maji yenye ndimu moja, halafu kwa maji matupu. Kama una maji ya mvua uliyokinga, yatumie hapo.

Paka Vaselini kwenye paji, masikio na shingo. Vaa glovu: hina mkononi haina neno, lakini indigo hutia kucha buluu. Gawa nywele kwa mkia wa kitana, mstari mmoja baada ya mwengine, kila sentimita 1, na uanze na panja. Mvi za hapo ni kaidi, magamba ya unywele yamebana, zinahitaji kukaa na rangi muda mrefu kuliko nyengine zote. Mswaki wa zamani ndio chombo bora cha mashina, kuliko burashi ya saluni. Ukimaliza funika kwa kofia ya nailoni, funga kanga kuukuu juu yake, kaa saa 2 hadi 3. Hina ikikauka inaacha kufanya kazi, ndiyo maana ya nailoni. Osha hadi maji yatoke safi, na uchachu wote uondoke.

Uchachu uondoke kwa sababu indigo haiupendi. Kwa njia ya weusi, ikoroge kwa maji ya uvuguvugu matupu na chumvi robo kijiko cha chai kwa kila gramu 100, iache dakika 15, kisha ipake mara moja. Usiende kupika ukairudia. Ikishageuka buluu bakulini imekwisha kujitengeneza nje ya unywele, haitaingia tena. Funika vilevile, saa 1 hadi 1 na nusu, osha kwa maji matupu. Kwa njia ya kahawia, indigo huloanishwa hivyohivyo na kutiwa ndani ya hina iliyokwisha iva dakika ile ya kupaka. Hiyo hukaa saa 3.

Ukitoka bafuni usishtuke. Nywele zinaweza kuonekana za kijani kidogo au buluu. Rangi huiva kwa hewa siku 2 hadi 3, na ndani ya siku hizo usitumie shampuu. Siku hizo pia usivae ushungi mweupe wala kofia ya kiua, maana jasho huishusha rangi na doa la indigo kwenye kofia nyeupe halitoki kirahisi. Tandika kanga ya zamani juu ya mto.

Zikibaki kijani baada ya siku tatu, ujue indigo ilipakwa juu ya mvi zisizoshika hina vya kutosha. Paka hina tena saa 2, kisha indigo. Zikibaki za chungwa, indigo ilikuwa imekufa, au ilichelewa, au ndimu ilibaki nyweleni. Kama ni panja peke yake zimebaki, usirudie kichwa kizima, zirudie hizo. Hina iliyozidi igawe mafungu madogo uiweke kwenye friza, itakungoja mwezi ujao. Indigo iliyoloana haiwekeki.

Unga mweusi wa kopo au paketi, kwa asiyedhuriwa na PPD, ndio wa bei ya chini na wa haraka. Toa unga wa kazi ya leo tu, uliobaki ufunge ukiwa mkavu. Fuata kipimo cha maji na dakika za kwenye karatasi. Kuzidisha muda hakuzidishi weusi, kunazidisha kuwashwa. Usiupake kwenye nyusi wala kope. Rangi za boksi zenye maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi) zinataka nguvu ya asilimia 6 ili zifunike mvi, nazo zikipakwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha wiki hiyohiyo, nywele hukatika. Acha wiki 2 katikati. Na juu ya "hina nyeusi" usipake boksi kabisa, kwa sababu baadhi ya paketi hizo zina chumvi za madini zinazochemka zikikutana na hayo maji ya oksijeni, na unywele huungua.

Wanaoshinda baharini, akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani pamoja na wavuvi, indigo kwao hupauka upesi kwa chumvi na jua, na wekundu wa hina ukatokeza chini yake. Hapo ndipo mafuta ya nazi yanafaa: paka kabla ya kushuka pwani, funga kitambaa, ukirudi suuza kwa maji baridi. Kwa ndevu, gramu 15 za hina zinatosha, saa 1 na nusu, na indigo nusu saa; ngozi ya kidevu ni laini kuliko ya kichwa, kwa hiyo jaribio la saa 48 lifanyie chini ya taya, mahali ndevu zitakapolifunika.